Tupeane uzoefu: apdeti iliyokuvurugia gemu

Mpiga Chenga: Wakuu, apdeti imeshuka usiku kwenye gemu la mpira la simu. Ile pasi ya kupenyeza niliyoizoea sasa kila beki anaikata. Vidole vinafanya vilevile, mpira hauendi kulekule. Nimekumbuka mengi. Wewe ilikukuta lini?

Kibo Gemu: Umegusa kidonda.

Mtoto wa Pwani: Mimi chuoni. Fainali ya mabweni, zawadi tumechangishana, ukumbi umefurika. Mimi na mwenzangu wa chumba tumekesha na mbinu moja: winga anashuka pembeni, krosi ya chini, straika anamalizia bila kutuliza. Saa ya mechi mashine ya gemu ikadai apdeti, bila hiyo haifunguki. Tukachanga bando, tukangoja hadi alasiri watu wanazomea. Ilipofunguka krosi zinapaa, straika anageuka kama lori. Tukapigwa nne. Magoli si kitu. Mwenzangu aliweka pedi ya kuchezea mezani akasema mbele ya watu kwamba nimekubali apdeti makusudi kwa kuwa mpinzani ni binamu yangu. Muhula mzima tukapika sufuria mbili.

Dada Rimoti: Subiri. Binamu alikuwa na hiyo apdeti tayari?

Mtoto wa Pwani: Tangu usiku. Kwao kuna Wi-Fi.

Kibo Gemu: Basi mwenzako alikuwa na hoja!

Mtoto wa Pwani: Hoja gani? Mashine si yangu, ningezuiaje? Msinirudishe huko.

Kamanda wa Ngome: Muacheni. Hata wenye mamilioni yaliwakuta. Desemba 2018 gemu la mapigano la Fortnite liliingiza upanga wa Infinity Blade wakati fainali za mashindano yake ya Winter Royale zinaanza, zawadi dola milioni 1. Aliyeuokota alikuwa na afya 200 na ngao 200, anaruka mbali, anakata kuta. Wachezaji waliwaka, na baada ya siku chache Epic, kampuni yenye gemu hilo, wakauondoa wakikiri umezidi nguvu. Hasira zile zilikuwa za haki, mtu hafanyi mazoezi ya silaha ambayo haipo.

Fundi Pedi: Lakini bila mabadiliko mtachoka. Bastola ya R8 ilipoingia gemu la risasi la Counter-Strike Desemba 2015, risasi moja ya kiwiliwili ilimaliza mtu. Watu wakapiga kelele, ndani ya siku chache ikapunguzwa makali. Kelele zinafanya kazi.

Msema Kweli: Si kweli kwamba tutachoka. StarCraft: Brood War, gemu la vita vya mbinu, nguvu za vikosi vyake hazijaguswa tangu 2001 na Wakorea bado wanaicheza. Wanabadilisha ramani tu.

Fundi Pedi: Ramani nayo ni mabadiliko!

Msema Kweli: Vidole havianzi upya. Hiyo ndiyo tofauti.

Neema wa Rank: Ushauri wangu, siku ya apdeti usiguse rank, yaani mechi za kupanda daraja. Ingia mazoezi, piga krosi hadi uijue upya.

Kibo Gemu: Kinyume chake dada, ingia hiyohiyo siku! Wote wanapapasa, pointi ni za kuokota tu.

Dada Rimoti: Zimeni apdeti za kujiendesha.

Neema wa Rank: Halafu mkwame kama Mtoto wa Pwani? Washeni.

Kamanda wa Ngome: Waandaaji ndio wafunge toleo wiki moja kabla ya fainali.

Fundi Pedi: Kwa mashine zilizounganishwa kwa waya zenyewe kwa zenyewe, sawa. Gemu la simu likidai toleo jipya, seva inakukatalia la zamani mlangoni.