Ba be bi bo bu au sauti? Watoto wetu wanafundishwa nini siku hizi

Baba wa Uyole: Wadau nisaidieni. Binti yangu yupo la kwanza, jana namwambia asome "baba" ananitolea b-b-b kama bodaboda iliyogoma kuwaka asubuhi ya mwezi wa sita. Namuuliza herufi inaitwaje, hajui, anajua mlio tu! Sisi tulianza a e i o u tukaja ba be bi bo bu, ilikuwa na ulahisi wake. Haya ya sauti yametoka wapi?

Ticha Mafinga: Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) la kwanza na la pili ulibadilika 2015. Sauti kwanza, halafu silabi, halafu neno. Ba be bi bo bu ipo palepale, haijafutwa. Zamani mtoto aliimba ubao mzima macho yapo dirishani, ukimwonyesha "bo" peke yake anaanza upya kimoyomoyo ba, be, bi mpaka aifikie. Halafu mzazi, "ulahisi" ndo nini?

Kihesa Juu: Hahaha ticha kaua

Baba wa Uyole: Ticha umeona hilo tu? Mimi Mnyakyusa, r tumeikuta shuleni, na nimesomesha watoto wanne kwa ulahisi huohuo.

Kihesa Juu: Kwa hiyo mlima Rungwe mnauitaje 😂

Baba wa Uyole: Lungwe. Una shida?

Mama Wawili: Mi ndo maana wangu nimewapeleka ingilishi midiamu.

Mjomba Tukuyu: Huko ndo kwenye kazi sasa, c mara s mara k. Uingereza kwenyewe tangu 2012 watoto wadogo wanapimwa hizo sauti. Kiswahili ukijua herufi umemaliza, tunagombana nini? Afu Kihesa msitucheke, bibi zenu Wahehe nao wanasema "lafiki".

Kihesa Juu: Bibi yangu amefikaje humu?? Toa hoja acha wazee wa watu

Ticha Mafinga: Jamani turudi. Sauti inataka usikie mtoto mmoja mmoja. Toka elimu bila ada ianze 2016 mimi nimewahi kuwa na watoto mia na kumi chumba kimoja, wakitamka wote unasikia nyuki tu. Ndo maana wengine tunarudi kuimbisha, tusidanganyane.

Mjomba Tukuyu: Na mwalimu mwenyewe akiwa wa kwetu, sauti ya r atafundisha ipi?

Ticha Mafinga: Mimi wa Busokelo na r ninayo. Usinitafute.

Mjomba Tukuyu: Gwe, kumbe wa nyumbani! Na bado ukamuumbua mwenzio?

Baba wa Uyole: Nimemwita binti nikamwandikia RUNGWE. Kavuta rrrr mpaka mama yake katoka jikoni. Akasoma yote. Kisha ananiambia baba na wewe sema. Nimezima taa.

Kihesa Juu: Bado nasubiri mtu aombe radhi kwa bibi yangu.