Mwonjaji wa chai na wakurugenzi: tuwasaidieje waheshimiane?

Afisa wa Wafanyakazi, Mombasa
Salaam kwenu nyote. Kampuni yetu hununua chai katika mnada wa Mombasa, huichanganya na kuifungasha katika vifuko. Mwonjaji wetu mkuu, mama anayeheshimika sana katika kazi hiyo, ameumia kuona mafungu aliyoyakataa yakinunuliwa kwa sababu tu bei yake ni nafuu. Wakurugenzi wa fedha na mauzo nao wanalalamika kwamba akiulizwa sababu hujibu kuwa chai "haifai" na kunyamaza. Sasa hahudhurii tena kikao cha kabla ya mnada. Nifanye nini?

Mwonjaji Mstaafu
Dada, waalike wakurugenzi kwenye meza ya kuonja. Chai ipimwe kwa desturi, gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6, kisha itiwe maziwa ikiwa wateja wenu huinywa hivyo. Mchanganyiko wa sasa na ule wenye fungu la bei nafuu viwekwe kwa namba, bila bei, na wageni waseme kwanza wanachokihisi kwa maneno yao. Mama asiwafanyie mtihani. Siku nyingine fungu la bei nafuu litapita vizuri, naye aliseme hilo mbele yao; nimeona neno kama hilo likijenga imani kuliko miaka mingi ya kuwa sahihi.

Mhasibu wa Chai
Nakubali, ila nami nitetee upande wetu. Kilo moja hutoa vifuko 500 vya gramu 2, kwa hiyo tofauti ya senti 20 za dola kwa kilo ni senti 0.04 kwa kila kifuko, na mwonjaji ana haki ya kushangaa kwamba tunahatarisha jina la chapa kwa kiasi hicho. Hata hivyo, kwa tani 100 tofauti hiyohiyo ni dola 20,000, na anayeulizwa ni mkurugenzi wa fedha. Kila fungu linalokataliwa liandikiwe kile ambacho mteja atakigundua, fungu mbadala katika orodha ya mnada, na pengo la bei. Sisi nasi tumpe kikomo cha bei kabla hajaonja, kwa maana kumletea kikomo baada ya kazi yake kwisha ni dharau, hata kama hatukukusudia.

Meneja wa Kiwanda
Yote hayo hayatadumu ikiwa kauli yake inaweza kutenguliwa kwa simu ya dakika mbili. Iandikwe kwamba kuhusu ubora wa chapa zilizopo, kukataa kwake kunaweza kutenguliwa na mkurugenzi mtendaji pekee, kwa maandishi na baada ya kumsikiliza. Kuhusu bei na kiasi, neno la mwisho liwe la fedha. Tena, usimwite kikaoni kwa barua. Nenda ukazungumze naye chumbani mwake pa kuonjea, usikilize kwanza.

Afisa wa Wafanyakazi, Mombasa
Nashukuru kwa dhati. Nitazungumza naye kesho, kisha nimwombe mkurugenzi mtendaji aitishe uonjaji huo yeye mwenyewe. Je, vikombe avipange mama?

Mwonjaji Mstaafu
Hapana, avipange msaidizi wake, ili mama naye aonje bila kujua namba ipi ni ya chai ipi.