Ushauri wakuu: form one wangu wanalijua somo ila Kiingereza kinawafunga mdomo

mwl_wa_vumbi

Wakuu habarini za jioni. Mimi ni mwalimu wa Jiografia shule ya kata huku Bahi, Dodoma, jina la shule tuliache. Nina form one mikondo miwili, kila mkondo watoto sabini na ushee, wengi wametoka shule za msingi za vijijini ambako kila kitu walisoma kwa Kiswahili, Kiingereza walikutana nacho la tatu kama somo tu. Ile orientesheni ya mwanzo wa mwaka wamepita nayo lakini ni wiki chache jamani, mtoto hatoki hapo akiwa anaelewa kitabu cha Jiografia.

Sasa ishu yenyewe. Nikifundisha kwa Kiingereza darasa linakuwa kimya kama msibani. Nikiuliza mmeelewa, wote kwa pamoja yes sir. Nikikusanya madaftari nakuta notsi zimekopiwa mpaka neno nililokosea ubaoni. Lakini juzi tuko topiki ya hali ya hewa nikahamia Kiswahili, nikauliza kwa nini huku kwetu wazee wanang'ang'ania uwele na mtama wakati mahindi ndiyo yenye soko, aisee kuna binti huwa hafungui mdomo kabisa, akasimama akaeleza kwamba mvua yetu ni msimu mmoja tu, inaanza Desemba inakata Aprili, halafu katikati inaweza kupotea wiki mbili tatu na mahindi yakikosa maji wakati wa mbelewele ndio basi tena ila mtama unavumilia. Yani alimaliza kila kitu, mimi nikabaki kutikisa kichwa. Ijumaa jaribio, swali hilohilo kwa Kiingereza, kaandika jina lake tu.

Mwalimu wa taaluma anataka turudishe kibao, anayeongea Kiswahili anakivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Roho yangu inakataa ila hoja ya kumpa sina, maana akisema tu NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hawasahihishi Kiswahili nakosa jibu. Na upimaji wa form two hauko mbali. Walimu wenzangu mliopita huku mnafanyaje?

zabibu_kavu

Ngoja waje wenye fani. Nimekaa paleee nasoma.

BibiTicha

Mbukwenyi nyote. Mwanangu mimi nimestaafu, nilifundisha Kondoa halafu nikamalizia Mpwapwa. Kibao achana nacho kabisa. Nimekiona kikifanya kazi, watoto hawakujifunza Kiingereza, walijifunza kunyamaza. Mapumziko wanaongea kwa ishara, na anayelala nacho kila siku ni yuleyule mnyonge asiye na wa kumkamata.

Mada ya mmomonyoko wa udongo sikuwahi kuianza na kitabu. Nawatuma nyumbani wakawaulize wazee habari za HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, na ilikuwaje mwaka 1979 mifugo ikaondolewa Kondoa. Kesho yake wanakuja wamejaa stori, babu yangu alihamisha ng'ombe, bibi anasema hapa palikuwa jangwa uoto ukarudi. Wanabishana Kiswahili, wengine Kirangi, siwazuii. Nikiona wamechemka nawaambia haya sasa, tunavuka. Ubaoni nimeshaandika mianzo ya sentensi, "Before 1979...", "The cattle were moved because...", "As a result...", kila kundi linajaza. Mtoto anakuwa hatafuti tena cha kusema, anatafuta namna ya kukisema tu. Mzigo unakuwa nusu.

Ila lazima uvuke. Ukibaki Kiswahili kipindi kizima kwa sababu kinanoga, mtihani utawaumbua.

baba_wawili

Samahani naenda tofauti. Mimi ni mzazi, naona mnawadekeza. Wangu wako inglishi midiamu hapa Dodoma mjini na Kiswahili marufuku getini na wanakimwaga Kiingereza vizuri tu. Mtoto akilazimishwa anajua.

mwl_KwaMtoro

Baba wawili shikamoo kwanza. Wako wamelazimishwa tangu chekechea, wana vitabu, darasani wapo wangapi? Na nyumbani kuna mtu wa kuwajibu. Mimi nafundisha la kwanza huku Chemba, napokea mtoto anayeongea Kisandawe, Kiswahili chenyewe anakuja kukipata kwangu. Huyo akifika form one Kiingereza ni lugha ya tatu halafu unamning'inizia kibao. Mimi darasani nina mama mmoja wa kijijini anakujaga kusimulia hadithi kwa kilugha, watoto wanarudia kwa Kiswahili, ndio wanafunguka. Mtoto aliyezoea kueleza jambo kwa lugha moja kulihamishia nyingine sio shida sana, shida ni yule ambaye hajawahi kueleza chochote.

baba_wawili

Marahaba mwalimu. Hapo kwa idadi darasani nimekuelewa, ila bado nasema wasizoee.

dogo_wa_UDOM

Mleta uzi kuhusu hoja ya taaluma, msijadili sera mtapoteza muda, kwamba sera ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili sijui nini, mwisho wa siku mitihani ya sekondari ni Kiingereza na yeye yuko sahihi hapo. Wewe mpelekee karatasi mbili za yule binti. Mpe swali alijibu kwa Kiswahili, mpe tena kwa Kiingereza, ziweke mezani. Muulize kibao kitatibu ipi kati ya hizi.

Pili kwenye mazoezi ya kawaida (mtihani hapana) gawa maksi, wazo maksi zake na lugha maksi zake. Mimi form one nilikuwa napata 12 kwa 100 najiona kilaza, akaja ticha mmoja wa Baiolojia akawa ananiandikia "wazo sahihi, sentensi rekebisha" ndio nikaanza kujaribu. Halafu wengi wanafeli hata swali hawajalielewa linataka nini, wafundishe yale maneno ya maagizo ya mtihani kila wiki machache, hilo halihitaji hela.

mwl_wa_vumbi

Shukrani sana wakuu, BibiTicha shikamoo. Swali moja, kipindi dakika 40 na watoto sabini, makundi yanawezekana kweli? Nikisema jipangeni tu dakika kumi zimeenda.

BibiTicha

Marahaba baba. Usiwapange. Anayekaa naye dawati moja ndiye kundi lake, wawili watatu hapohapo walipo. Dakika kumi za kwanza Kiswahili, ukipiga kofi wanavuka. Na usiombe wa kunyoosha mkono, utawapata walewale watano. Mwambie mmoja wa dawati aseme sentensi ya mwenzake, akikosea kosa sio lake, haogopi. Mianzo ya sentensi andika kwenye karatasi za manila ubandike ukutani ibaki, usifute kila siku.

mwl_KwaMtoro

Na kaa na mwalimu wa Kiingereza hapo shuleni kwako, mpe maneno ya topiki yako wiki moja kabla afanyie mazoezi kwenye vipindi vyake. Sisi huku tunapeana hivyo, haichukui muda. Vitabu kama ni vichache maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) unasoma bure kwa simu.

mwl_wa_vumbi

Jumatatu naenda na karatasi mbili za binti kwa taaluma. Manila mkoa huu mtu ananunua wapi kwa bei ya jumla?

zabibu_kavu

Njoo mjini, maduka ya steshenari ya kule sokoni Majengo ulizia. Mimi nachangia kumi za kwanza, nitumie meseji inboksi.