Naomba ushauri: alkeni moja, alkoholi tatu tofauti, nachanganyikiwa

Mtahiniwa_PCB:
Habari za jioni wakuu. Nipo kidato cha sita. Kwenye jaribio tulipewa alkeni (yenye bondi maradufu kati ya kaboni mbili), 3-methilibut-1-eni, tuiongezee maji kwa asidi salfuriki iliyozimuliwa. Nikafuata kanuni ya Markovnikov, nikaandika 3-methilibutan-2-oli. Nimekosa! Halafu kipengele kilichofuata kikataka OH ikae kaboni ya kwanza, hapo niliacha wazi. Nimechoka kukariri. Naombeni mnieleweshe.

Kakamwekundu:
Markovnikov ni mwenye nacho huongezewa: haidrojeni inakwenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi. Mimi naona jibu lako lipo sawa.

Mama_Maabara:
Hapana kaka, hapo msahihishaji hajamwonea. Mdogo wangu, kanuni umeitumia vizuri, ila umesimama katikati ya safari. Protoni ikishaingia kaboni ya 1, chaji chanya inabaki kaboni ya 2. Hiyo ni kabokationi (kaboni yenye chaji chanya) ya daraja la pili, yaani imeshikana na kaboni nyingine mbili. Sasa tazama jirani yake, kaboni ya 3: ina methili mbili na haidrojeni moja. Haidrojeni hiyo inahamia kaboni ya 2 pamoja na elektroni zake mbili, chaji inahamia kaboni ya 3, na sasa ni daraja la tatu, imetulia zaidi. Maji yanashambulia hapo. Zao kuu ni 2-methilibutan-2-oli. Kila ukiona asidi, kabla hujaweka maji, kagua majirani wa chaji.

Jibu lako la 3-methilibutan-2-oli linapatikana kwa asetati ya zebaki na maji, kisha sodiamu borohaidraidi. Zebaki inashikilia kaboni zote mbili kama daraja, kwa hiyo hakuna kabokationi huru ya kujipanga upya. Ni njia safi kwenye karatasi, lakini zebaki ni sumu, maabara nyingi zinaikwepa.

Mtahiniwa_PCB:
Asante sana dada, hapo mwanga umeingia. Na OH ya mwisho wa mnyororo?

Mama_Maabara:
Hapo unatumia borani (BH₃) ndani ya kiyeyusho cha THF, kisha haidrojeni peroksaidi na sodiamu haidroksaidi. Boroni inakwenda kaboni yenye nafasi, ile ya pembeni, na haidrojeni inaingia kaboni ya 2 kwa wakati huohuo, upande uleule. Kabokationi haizaliwi kabisa. Peroksaidi inaondoa boroni na OH inakaa palepale ilipokuwa. Unapata 3-methilibutan-1-oli. Ukiichemsha na asidi ya siki na matone ya asidi salfuriki, unapata esta inayonukia ndizi mbivu. Mimi napenda sana mmenyuko huu. Herbert Brown alipata Nobel mwaka 1979 kwa kazi yake ya boroni, akigawana na Georg Wittig.

Kakamwekundu:
Nimekubali, nilisahau kuhama kwa haidrojeni. Na viwandani je?

Mama_Maabara:
Huko ethanoli hutengenezwa kwa etheni, nayo haina cha kuhama. Wanaipitisha na mvuke juu ya asidi fosforiki, kama nyuzi 300 na shinikizo la atmosfia 60 hivi. Kila mzunguko hubadilika kiasi kidogo tu, kama asilimia 5, inayobaki inarudishwa.

Mdogo wangu, jaribu hii: 3,3-dimethilibut-1-eni na asidi.

Mtahiniwa_PCB:
Kaboni ya 3 haina haidrojeni… basi inahama methili? 2,3-dimethilibutan-2-oli?

Mama_Maabara:
Ndiyo yenyewe. Sasa ichore na mishale yake, utume picha.