Tupeane uzoefu: mazoezi baada ya kiharusi, nini kilimwinua mgonjwa wako (au wewe mwenyewe)?

Binti wa Mabatini:
Wakuu, habari za usiku. Mwaka jana nilihangaika kutafuta mtu wa kunieleza siku inavyokwenda ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi, sikumpata. Mliouguza na mlioumwa, karibuni mseme mlichofanya. Naanza mimi.

Baba ana miaka 68. Kazi yake maisha yote ni kushona nyavu pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Alianguka alfajiri akienda kutawadha, upande wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukapinda. Hospitali moja hapa mjini ilimlaza siku tisa, na siku ya kutoka tuliambiwa neno moja: "Mfanyisheni mazoezi." Mazoezi gani, mara ngapi, ashikwe wapi, hakuna aliyesema. Kwetu ni juu kabisa kwenye mawe, gari haifiki. Vijana wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka mlangoni.

Miezi miwili tulimchua tu. Mafuta ya mnyonyo asubuhi na jioni, shangazi akisisitiza ni upepo mbaya umempitia. Baba amelala anaangalia bati, sisi tunatoka jasho. Kosa lilikuwa hapo hapo, jasho lilikuwa letu.

Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) tuliyempata baadaye aliuliza, "Na mzee mwenyewe anafanya nini?" Tukatazamana. Akatueleza kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu hairudi, ila sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza ile kazi, na hujifunza kwa kurudia kitendo chenyewe mara nyingi, mgonjwa mwenyewe akijitahidi. Kuchua kunampa raha, lakini hakumfundishi kusimama.

Basi tukaanza na kusimama kutoka kwenye kiti. Kiti kirefu, juu yake mto, kwa sababu kiti kifupi ni kigumu zaidi. Nyayo zote chini, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Anainama mbele mpaka pua ipite usawa wa vidole vya miguu, ndipo anainuka. Mimi nimekaa upande mgonjwa, goti langu likizuia lake lisikunjike. Mara tano, apumzike, tena tano. Baada ya wiki tatu tukatoa mto.

Mkono ulikuwa shughuli nyingine. Walimpa kimpira cha kuminya, akakitupa: "Mimi si mtoto." Nikamletea kipande cha wavu uliochanika, nikakifunga kwenye nondo ya dirisha, nikamwekea ile sindano yake ya kushonea kwenye mkono wa kulia na kumfunika vidole kwa vidole vyangu. Siku ya kwanza alipiga fundo moja kwa dakika ishirini, nalo likafunguka. Alilia. Kesho yake, kabla ya uji, akauliza wavu uko wapi.

Mama Igoma:
Pole na hongera, mwanangu. Mimi naomba niseme habari ya bega. Tulikuwa tunamwinua mama kwa kumvuta ule mkono uliopooza, kila siku, kwa mapenzi kabisa. Misuli ya bega imelegea, haina nguvu ya kushikilia mfupa mahali pake. Bega likashuka, ukiligusa unakuta kibonde. Maumivu yakawa makali hata mazoezi ya mguu akayakataa, tukapoteza mwezi mzima. Siku hizi namfunga kanga kiunoni, nashika kanga. Akikaa, mkono unalala juu ya mto. Na kuvaa: mkono mgonjwa unaingia kwanza kwenye gauni, wakati wa kuvua unatoka mwisho. Nani angeniambia hilo mapema!

Kijana wa Nyegezi:
Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Nilipata nikiwa na miaka 41, presha nilikuwa nayo bila kujua.

Kilichonisaidia ni kutembea kwa kipimo. Mtaalamu alinifundisha kuhesabu umbali ninaomaliza kwa dakika 6. Naenda uwanja wa shule, natembea goli mpaka goli. Mara ya kwanza dakika 6 ziliisha sijalifikia goli la pili. Sasa nakwenda, narudi, nakwenda tena. Mwendo wangu ni ule wa kuweza kuongea ila siwezi kuimba. Nikipata kizunguzungu au kifua kubana, nasimama hapo hapo.

Jambo ambalo sikutegemea ni uchovu. Si usingizi, ni kama mtu amezima taa. Mke wangu alidhani nimekata tamaa. Tukagawa mazoezi asubuhi kidogo na jioni kidogo, ikawa afadhali. Halafu ndugu zangu, msifanye nilichofanya mimi: nilijiona nimepona nikaacha vidonge wiki mbili. Presha ilikutwa 190 kwa 110. Unaweza kutembea vizuri kabisa na kiharusi cha pili kikakukuta njiani.

Mke wa mvuvi, Nansio:
Jamani nisaidieni. Mume wangu amelazwa jana usiku, leo ndiyo siku ya kwanza. Ndugu zake wanataka tumsimamishe leo leo mguu usizoee kulala. Na mimi kuvuka na meli kila wiki kumpeleka mazoezi Mwanza sitaweza.

Mtu wa fiziotherapia:
Dada wa Nansio, pole sana. Tulia kwanza, leo msimsimamishe kwa nguvu zenu. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, ulioangalia jambo hili hili. Waliotolewa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza, mara nyingi na kwa muda mrefu, hali zao baada ya miezi mitatu zilikuwa mbaya kidogo kuliko waliofuata utaratibu wa kawaida. Mapema ni vizuri, mapema kupita kiasi kunaumiza. Mgeuzeni upande mara kwa mara, na kukaa aanze pale wauguzi watakaporidhika na presha yake. Na chonde, msimpe hata maji mpaka apimwe kumeza. Maji yakienda njia ya hewa anapata homa ya mapafu.

Kuhusu meli: omba upangiwe mazoezi kabla hajaruhusiwa, na umfanyishe wewe mbele ya mtaalamu, si kuangalia tu. Mimi wagonjwa wangu wa visiwani wananitumia video kwa WhatsApp, naona goti linavyokaa, nawasahihisha.

Binti wa Mabatini, ule wavu ni tiba hasa. Mkono hujifunza kazi unayoijua na kuitaka. Ikiwa mzee anaweza kukunjua kifundo cha mkono na vidole hata kidogo, muulize mtaalamu wenu kuhusu kuufunga mkono mzima, yaani usiougua, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Marekani walilijaribu kwa watu 222 waliougua miezi 3 hadi 9 nyuma, matokeo yakatoka 2006: wiki mbili tu za kuvalishwa glavu nene mkono mzima, huku wakifanyishwa mazoezi kila siku ya kazi, ziliwapa nafuu iliyodumu mwaka mzima. Kwa mkono usiosogea kabisa haifai, ni kumtesa bure.

Mama Igoma:
Na fimbo ishikwe mkono gani? Majirani wananichanganya.

Binti wa Mabatini:
Mkono mzima, mama. Hata sisi kila aliyepita alikuwa anamhamishia baba upande mbovu. Na kwenye mawe yetu tulifundishwa hivi: kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, fimbo na mguu mgonjwa vinatangulia. Mimi nakaa chini yake daima, akishuka niko mbele, akipanda niko nyuma.

Mke wa mvuvi, Nansio:
Narudi baada ya wiki tano. Ameruhusiwa. Nilifanya mbele ya mtaalamu kama mlivyosema. Anasimama mwenyewe akishika meza. Jana nilimwekea kiti kivulini pembeni ya turubai la dagaa, akawa anachambua takataka kwa mkono wa kushoto, ndio mgonjwa. Dagaa wengi walianguka, sikuokota mbele yake.

Binti wa Mabatini:
Dada, umenifurahisha kweli. Baba yuko kwenye mafundo sitini kwa siku, mengine legelege, anayafungua mwenyewe na kurudia. Ijumaa alishuka mpaka barabarani, ngazi za mawe 83, na kupumzika mara nne. Jumatatu tuna miadi ya fiziotherapia hospitali ya Bugando, nitauliza habari ya kuufunga mkono wa kushoto, maana vidole vya kulia vinakunjuka sasa. Nitawaeleza watakachosema.