Tupeane uzoefu: jenereta ndogo kula gesi ya mtungi, hasa kwenye trela

Fundi wa Nyakato

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni fundi jenereta, kibanda changu kiko Nyakato, hapa Mwanza. Za petroli na dizeli nazifungua hata nikiwa nasinzia, ila siku hizi naletewa hizi ndogo zinazokula gesi ya kupikia, na nyingi zinaishia kwenye trela: za chipsi, za saluni, mara mojamoja za wageni wanaosafiri nazo. Nimeharibu kazi za watu kadhaa mpaka nikaelewa. Naanza na aibu yangu, na wewe uweke yako.

Jumamosi moja niliitwa kambi ya mahema pembeni ya ziwa. Familia imetoka Afrika Kusini kwa barabara inavuta trela ya kulala, inapumzika siku mbili Mwanza kabla ya kuelekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Trela ni nyumba kamili: jiko la mafiga mawili, friji ya gesi, mitungi miwili imefungwa mbele juu ya mkono wa kuvutia. Wana jenereta ya wati 2,500, ya petroli au gesi unavyotaka. Mzee mwenye trela alitaka jambo moja tu, jenereta ile gesi ileile ya trela. Ubavuni palikuwa na koki ya kuchomekea jiko la nje. Nikamwambia hii kazi ya dakika kumi.

Nikachukua mpira uliokuja na jenereta, mwishoni una regulata yake, kile kidude cha kupunguza msukumo wa gesi, bapa kama andazi lililokaliwa. Nikautafutia nati za kuuunganisha na ile koki, nikakaza, nikapaka povu la sabuni, hakuna kinachovuja. Nikavuta kamba. Mara ya tatu ikawaka, nikaanza kufuta mikono. Lakini mlio haukutulia, unapanda unashuka, unapanda unashuka, kama mtu aliyekimbia kilima cha Bugando. Mama akawasha birika la umeme. Jenereta ikakohoa mara moja, kimya.

Nikabadilisha plagi. Nikafungua kabureta, nikaisafisha na ilikuwa safi. Wageni wananiangalia, watoto wao wameshaleta viti. Masaa matatu yakaenda hivyo.

Jioni ndipo nikakumbuka kipimo cha maji. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nimeupinda kama herufi U na kuubana kwenye ubao wenye futi ya cherehani, ndani maji mpaka nusu. Upande mmoja unaungana na gesi, wa pili uko wazi. Gesi inasukuma maji, unasoma tofauti ya pande mbili. Kwenye koki ya trela nikapata sentimita 28, ndivyo inavyotakiwa kwa jiko na friji. Nikahamia baada ya regulata ya mpira, pale gesi inapoingia jenereta, injini inaunguruma: maji yanacheza kwenye 9, 10, 9.

Kosa likawa limejionyesha lenyewe. Ndani ya mtungi wa propani, kwa joto letu la mchana, kuna msukumo wa karibu ba 10, kama mara kumi ya msukumo wa hewa ya kawaida. Regulata ya ule mpira imetengenezwa ikae mdomoni mwa mtungi, ipokee nguvu hiyo yote na kuipunguza. Mimi niliipa gesi iliyokwisha kupunguzwa na regulata ya trela. Ya pili haikuwa na kazi tena zaidi ya kuziba njia. Injini ikiwa tupu inajikongoja, ukiibebesha mzigo inakosa pumzi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, chukua gesi kabla ya regulata ya trela, moja kwa moja mtungini, kwa mpira wa jenereta na regulata yake. Ya pili, chukua baada ya regulata ya trela na uitoe ile ya kwenye mpira, ibaki ile iliyo ndani ya jenereta yenyewe, inayofunguliwa na mvuto wa injini. Hapo uhakikishe jenereta yako inakubali gesi ya msukumo mdogo, na regulata ya trela inaweza kulisha jiko, friji na injini kwa wakati mmoja. Nilikwenda na ya kwanza. Mtungi mmoja ukawa wa jenereta, mwingine ukabaki wa nyumba. Ikatulia kabisa.

Lile birika la wati 2,000 bado liliipiga magoti, na hapo sikuwa na kosa. Kwa gesi injini inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyo nayo kwa petroli, na ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi inakata nyingine kama hiyo. Namba zilizoandikwa ubavuni ni za pwani.

Karibuni.

Mama Trela, Usagara

Shikamoo fundi. Nimecheka hapo kwa watoto kuleta viti.

Mimi nilikuwa nauza chakula Kigongo kwenye kivuko. Foleni ya magari ndiyo ilikuwa mtaji wangu. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025 watu wanapita dakika chache wako Busisi ng'ambo, nani asimame kula? Sina ubaya na daraja, mwenyewe nalipita. Nikauza vyombo, nikatengenezesha trela, nikahamia Usagara njia panda. Chipsi, sato wa kukaanga, juisi. Umeme wa kuchomeka sina, kwa hiyo jenereta inawasha taa, blenda na friza dogo la soda. Fundi mmoja aliniwekea kabureta ya gesi, nikaiunganisha na mtungi wa kilo 6.

Wiki ya kwanza, Ijumaa, saa mbili usiku, wateja wamejaa, jenereta ikaanza kuzimika. Nainamia mtungi, umevaa weupe kama mtoto wa kipaimara! Kuanzia katikati kwenda chini umeganda barafu, ukigusa vidole vinanata. Mwanza hii, mvuke wa mafuta unanitoka usoni. Nikautikisa, gesi bado imo.

Kijana wangu akasema tuutie jiko la mkaa chini upate moto kidogo. Nilimfokea mpaka mteja mmoja akaondoka na sahani yangu. Tulimalizia kwa taa za simu.

Fundi nieleze, maana yule aliyenifungia aliniambia nimeuziwa gesi ya maji.

Fundi wa Nyakato

Marahaba mama. Hakuna gesi ya maji hapo. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama kimiminika, na ili igeuke hewa lazima ichemke. Joto la kuchemkia inalivuta kwenye chuma cha mtungi, na chuma kinalivuta kwenye hewa ya nje. Jiko moja linaomba kidogo, chuma kinaweza kufidia. Jenereta inaomba mfululizo, tena nyingi. Mtungi wa kilo 6 una ngozi ndogo, unapoa haraka kuliko unavyopashwa na hewa, msukumo unashuka, unyevu wa ziwani unaganda juu yake.

Kuna jambo la pili. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inagoma ukifika karibu na sifuri. Propani inatangulia kutoka, kwa hiyo mtungi unapoelekea mwisho umebakiwa na butani nyingi. Ndiyo maana unautikisa unasikia gesi na injini haitaki.

Moto chini ya mtungi, hapana, hata wa kiberiti. Maji ya kawaida ya bomba ukiyamwagia taratibu yanatosha. Dawa ya kudumu ni mtungi mkubwa zaidi, au miwili ya kilo 15 ikinyonywa pamoja.

Mama Trela, Usagara

Ndicho nilichofanya baadaye, mmoja wa kilo 15 kwa jenereta peke yake. Mwanzoni jenereta na jiko la chipsi vilikuwa vinanyonya mtungi mmoja, kila friza likishtuka moto wa jiko unanywea na chipsi zinakunywa mafuta. Nimevitenganisha. Wa jenereta unanipa jioni saba, nane, kwa masaa manne manne.

Mtoto wa Magu, Texas

Kaka fundi, umenikumbusha mwaka wangu wa kwanza na trela huku. Marekani trela za kusafiria ni kama baiskeli za Magu, kila uwanja ipo moja. Nyingi zina mitungi miwili ya ratili 20, ni kama kilo 9 kwa hesabu ya nyumbani, na regulata moja katikati, mara nyingi inahama yenyewe mtungi mmoja ukiisha. Baada ya regulata hiyo msukumo ni inchi 11 za maji, ndiyo hizohizo sentimita 28 za ubao wako. Kiungio cha kubofya cha ubavuni kiko upande huo, kwa ajili ya jiko la kuchomea nyama nje. Na mimi nilichomeka hapohapo na regulata ya pili juu yake. Yaliyokupata yalinipata, tofauti ni kwamba walioleta viti walikuwa majirani wazee.

Mwishowe nilinunua kipande cha shaba cha njia tatu, kinakaa kati ya mtungi na regulata ya trela. Njia moja inakwenda trela kama kawaida, nyingine inatoa gesi yenye nguvu zote za mtungi, hapo nafunga mpira wa jenereta na regulata yake. Sharti moja, mpira unaotoka hapo uwe wa kubeba msukumo mkubwa. Mpira wa jiko la ndani usiuweke upande huo.

Halafu gesi ya huku ni propani asilimia 90 kwenda juu. Kwa hiyo masaa unayosoma kwenye kitabu cha jenereta ya huku usiyategemee na mtungi wa Mwanza.

Kijana wa Igoma

Mimi nilitumia mpira wa petroli, ule mweusi wa pikipiki. Ulilainika kama ubani. Ni hayo tu.

Mvuvi wa Kayenze

Wa trela mna bahati, gesi ikivuja inamwagikia chini na upepo unaichukua. Mimi niliweka mtungi na jenereta kwenye boti ili tuchaji betri za taa za dagaa tukiwa majini. Mtungi nikauficha tumboni usipigwe jua. Asubuhi naingia nasikia ile harufu ya kitunguu kilichooza, nati ya regulata imelegezwa na mtikisiko wa mawimbi. Mdogo wangu kakaa ukingoni, sigara mdomoni, anatafuta kiberiti mifukoni. Sijui niliruka vipi. Kiberiti kilienda ziwani, yeye nusura afuate.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala ngama, kule chini kabisa tumboni mwa boti, kama maji. Unafungua kila kitu, juu kunapuliza, chini bado imelala. Mzee mmoja wa mwaloni, pale boti zinapofikia, akatuambia, ichoteni. Tukadhani anatutania. Tulichota hewa kwa ndoo, tunamwaga nje ya boti, watu ufukweni wanajua tumerogwa. Nusu saa nzima. Harufu ikaisha.

Mtungi sasa unakaa juu, umesimama na umefungwa kamba. Usiulaze hata siku moja: ukilala kinachotoka ni kimiminika chenyewe, na regulata haikutengenezwa kwa hicho.

Mpishi wa Bwiru

Naongeza la moshi, maana watu wanadhani kwa kuwa gesi haina harufu ya petroli basi moshi wake hauna neno. Una sumu ileile isiyoonekana wala kunuka.

Tulikuwa na trela ya wageni pembeni ya maji. Saa kumi jioni nikaiweka jenereta upande wa nchi kavu, mita nane au tisa, bomba la moshi limeipa trela mgongo. Upepo unatoka ziwani, moshi wote unakwenda migombani. Nikajisifu. Usiku wa manane mgeni mmoja akatoka anashika kichwa, mkewe anatapika. Nikadhani samaki wangu! Nimesimama pale nje ndipo nahisi upepo shingoni, unatoka nchi kavu unakwenda ziwani. Umegeuka. Wavuvi wanalijua hili tangu utotoni, mchana ziwa linapuliza, usiku nchi inapuliza, na mimi mtoto wa Bwiru nimesahau. Moshi ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye dirisha la kitanda.

Tuliizima, tukawatoa nje, tukawapeleka kupimwa, wakapona. Siku hizi wageni wakilala, jenereta imelala.

Mtoto wa Magu, Texas

Pole sana mpishi. Huku jenereta nyingi mpya zina kihisi kinachozima injini moshi huo ukizidi. Ila kihisi kiko kwenye jenereta, na kitanda kiko kwingine. Ndani ya trela ninacho kingine, kinapiga kelele juu ya mto wangu.

Kijana wa Igoma

Fundi, kwa hiyo gesi au petroli? Na kuizima je, unabonyeza swichi tu?

Fundi wa Nyakato

Kama unatumia kila siku, piga hesabu kwa bei ya mtaani kwako: jenereta ndogo kilo moja ya gesi inakupa yuniti moja na nusu, ikizidi sana mbili ukiibebesha vizuri. Kama unaiweka ya akiba, gesi bila kufikiri. Petroli ikikaa miezi inaacha gundi kwenye kabureta, na mimi naishi kwa gundi hiyo. Gesi haichachi.

Kuzima, funga mtungi kwanza, iache injini imalize iliyobaki kwenye mpira, izimike yenyewe. Ndipo uzime swichi. Na usiruhusu petroli na gesi kwa pamoja, plagi inalowa na kamba itakung'oa bega.

Mama Trela, unajuaje gesi imebaki kiasi gani? Wengi wanabahatisha.

Mama Trela, Usagara

Nilifundishwa na lile barafu, fundi. Mtungi ukishafanya kazi nusu saa unatoa jasho kuanzia gesi ilipofikia kwenda chini, juu ya hapo mkavu. Napitisha kiganja, palipo baridi ndipo ilipo. Leo jasho liko vidole vinne kutoka chini. Nimeshamtuma kijana na bodaboda, maana kesho ni Ijumaa.