Nimchagulie Nyota dume gani kwa uzao wake wa kwanza?

Mama Kuku wa Msabaha

Nawasalimu nyote. Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Msabaha, nje kidogo ya mji wa Malindi, na nina mbwa jike wa aina ya German Shepherd anayeitwa Nyota, niliyepewa akiwa na miezi minane na tajiri wangu wa zamani, alipofunga nyumba yake ya Casuarina na kurudi kwao Ulaya. Sasa ametimiza miaka miwili na miezi mitatu na hajawahi kuzaa. Ameshaingia kwenye joto mara tatu, na mara zote hizo nilimfungia ndani ya stoo ya chakula cha kuku, huku mbwa koko wa kila upande wakilala mlangoni kama watu walio matangani. Joto lijalo nalitarajia katikati ya mwezi wa Machi, na nimeamua kumpandisha, kwa sababu majirani zangu watatu wenye mashamba wameshaniomba watoto wa kulinda, nami ningependa kubaki na mmoja.

Shida yangu ni dume. Nimeonyeshwa wawili. Wa kwanza ni Rex, aliyeko kwenye jumba moja upande wa Mayungu. Ni mkubwa ajabu, ana kichwa kama cha simba, na anaogopwa na kila mtu, hata yule askari anayemlisha humsukumia sahani kwa mpini wa ufagio. Mwenyewe anasema ameshazalisha mara nyingi na anataka shilingi 15,000 mkononi kabla ya mbwa kukutana. Wa pili ni Bruno wa Watamu, mwenye kilo 34 tu na asiye na makeke. Nilipofika alininusa mkono, kisha akarudi kulala chini ya mwarobaini. Mwenye Bruno hataki pesa, bali anataka kuwa wa kwanza kuchagua mtoto mmoja.

Wote niliowauliza hapa nyumbani wanasema Rex, kwa kuwa mwizi hamwogopi mbwa mpole. Kasoro ya Nyota, nikisema ukweli, ni kwamba radi ikipiga au fataki zikilia hukimbilia chini ya kitanda changu na hatoki mpaka asubuhi, kwa hiyo nilidhani Rex atawapa watoto ule ujasiri ambao mama yao hana. Nikosoeni kama nimekosea.

Mshika Kamba

Dada yangu, nimeshika kamba za mbwa wa ulinzi kwa miaka 19 katika majumba ya ufukweni hapa Malindi kabla ya kustaafu na kurudi Ganda, na naona umelijibu swali lako mwenyewe pale uliposema kwamba sahani husukumwa kwa mpini wa ufagio. Mbwa asiyeweza kukaribiwa hata na mtu anayemlisha kila siku, mara nyingi ni mbwa mwoga aliyejifunza kwamba akionyesha meno watu humpisha. Tofauti yake na Nyota ni kwamba Nyota ana kitanda cha kujifichia. Ukiwapandisha wawili hao utakuwa umeongeza woga juu ya woga, na watakaopelekewa matokeo ni majirani zako, wenye watoto wanaopita njia hiyo kila asubuhi kwenda shule na madrasa. Mbwa wa ulinzi niliyemthamini kuliko wote katika kazi yangu alikuwa akilala mchana kutwa kibarazani, mgeni akija anainua kichwa, na usiku hakuna aliyethubutu kugusa lango.

Ukifika kwa mwenye dume, usitosheke na kuonyeshwa dume. Omba kuonyeshwa watoto wake waliovuka mwaka mmoja, hata ikibidi upande bodaboda mara tatu kuwafuata walikouzwa, kwa maana kichwa cha simba kinaonekana kwa macho, ilhali nyonga mbovu haionekani mpaka mtoto ameshakua na ameshazoeleka kwa watu. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja tajiri wangu alinituma nimpeleke jike wetu kwa dume aliyekuwa akisifiwa pwani nzima, tukapata vilebu wanane wazuri mno, hata watu wakawagombea. Walipofika miezi saba, wawili wakaanza kukimbia kwa kurukaruka kama sungura, miguu ya nyuma yote miwili ikienda pamoja, na mmoja akawa haamki sakafuni ila ajivute kwanza kwa miguu ya mbele. Ndipo tulipoambiwa kuwa ni nyonga, na ndipo mwenye dume alipokiri kwamba uzao uliotangulia nao ulikuwa na mmoja wa namna hiyo. Ndiyo maana siku hizi siulizi sifa, naulizia picha za eksirei za nyonga, za dume na za jike pia. Picha nzuri za wazazi hazihakikishi kwamba kila mtoto atakuwa mzima, lakini hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Uliza vilevile kama baba au mama wa dume alianza kuburuta miguu ya nyuma uzeeni bila maumivu yoyote, kwani German Shepherd wana ugonjwa wa uti wa mgongo unaorithiwa, ambao hujitokeza wakati mbwa ameshaacha watoto wengi duniani. Na umtazame kwa nyuma: kama korodani moja haijashuka, rudi nyumbani, maana kasoro hiyo nayo hurithiwa.

Kuhusu siku yenyewe ya kupandisha, jike asiyewahi kupandwa anafaa kukutanishwa na dume mzoefu tena mtaratibu. Nyota ndiye apelekwe kwa dume, kwa sababu dume akiwa ugenini hushughulika zaidi kunusa ua na kuweka alama kila nguzo. Wakishafungana, waacheni hivyo hivyo kwa dakika 5 hadi 30, wakati mwingine zaidi. Nimewahi kumwona kijana akiwamwagia ndoo ya maji ili waachane, jambo linaloweza kuwaumiza wote wawili vibaya.

Nikuulize: tajiri wako alikuachia hati za nasaba za Nyota?

Bin Mambrui

Assalamu aleikum. Mimi nafuga mbwa watatu shambani, upande wa Mambrui, kwa ajili ya mbuzi, na sina la kuongeza juu ya nyonga. Nataka kugusia hizo shilingi 15,000 tu, kwa sababu huenda kati ya majirani watatu wa dada kuna Waislamu, na ni afadhali mambo haya yajulikane mapema. Kufuga mbwa wa kulinda shamba au mifugo kumeruhusiwa, hadithi ziko wazi. Hata hivyo, sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi tumefundishwa kwamba thamani ya mbwa hailiwi, na kwamba ujira wa dume kumpanda jike nao umekatazwa, awe mbwa, farasi au punda. Kwa hiyo huku kwetu mtu humwazima mwenziwe dume bila bei, na mwenye jike akimpelekea kitu kwa hiari yake, pasipo sharti, hiyo ni zawadi. Mimi nilipeleka debe la mahindi na kikapu cha maembe, na hakuna aliyenung'unika.

Kwa asiyefungwa na hukumu hizi, mapatano ni mapatano, ila yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Huyo mtoto wa kuchaguliwa atachukuliwa akiwa na wiki ngapi? Mimba isiposhika, dume atarudiwa bure katika joto lijalo? Na akizaliwa mmoja tu, ni wa nani? Swali hilo la mwisho watu hulicheka, lakini jirani yangu mmoja alipata kilebu mmoja tu na ikambidi amtoe, akabaki na jike anayelia usiku.

Msaidizi wa Mifugo

Kabla ya kumchagua yeyote, wapimwe wote, Nyota akiwamo. Aliyejisifu kwamba Rex amezalisha mara nyingi hakusema ni majike wangapi kati ya hao waliopimwa kwanza, na kwangu mimi hiyo inaweza kuwa sababu ya kumwepuka. Kipimo cha damu cha lazima ni cha brusela. Jike mwenye brusela kwa kawaida hutupa mimba akiwa amebakiza wiki moja au mbili hivi, na dume huharibika mbegu ilhali kwa nje anaonekana mzima kabisa. Dawa haziaminiki kuumaliza ugonjwa huo, na binadamu naye anaweza kuambukizwa, hasa anayeshika kondo kwa mikono mitupu. Halafu sehemu za siri za mbwa wote wawili zikaguliwe kwa macho na kwa mkono wenye glavu, kwa kuwa penye mbwa koko wengi kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana. Huo uvimbe huwa kama koliflawa ndogo nyekundu inayodondosha damu, na wenye majike wengi huidhania damu ya joto. Unatibika vizuri kwa sindano za kila wiki, lakini dume mwenye uvimbe huo asiguse jike yeyote mpaka apone.

Chanjo na dawa ya minyoo zikamilishwe kabla ya kupandisha, na kupe washughulikiwe mapema, kwa kuwa homa ya kupe humaliza damu ya mbwa, na jike asiye na damu ya kutosha hana cha kuwalishia watoto tumboni.

Kuhusu siku, hesabu kuanzia ile unayoona damu kwa mara ya kwanza. Majike wengi humkubali dume kati ya siku ya 9 na ya 14, damu inapopauka ikawa kama maji yaliyooshewa nyama, na jike huusogeza mkia pembeni ukimgusa kiunoni. Wapo wanaowahi na wanaochelewa, kwa hiyo kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayoonyesha siku za jike kushika mimba, kina faida kwa anayesafiri na jike hadi Watamu. Wapandishwe mara mbili, kwa kuruka siku moja katikati. Na usidhani kwamba Nyota akishapandwa na dume uliyemchagua, mlango wa stoo unaweza kufunguliwa: jike huweza kubeba watoto wa madume wawili katika mimba moja, na wale waombolezaji wako wa mlangoni hawataondoka mpaka joto limalizike.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuhusu Machi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike hupandwa siku kadhaa baada ya damu ya kwanza, kwa hiyo vilebu watazaliwa mwishoni mwa Mei, masika ikiwa bado ipo, banda limelowa na matope kila mahali. Kuwalea watoto wa mbwa wakavu katika majira hayo kunawezekana, ila kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza ni kazi nzito.

Mama Kuku wa Msabaha

Nawashukuru sana. Bahasha ya tajiri wangu ilikuwa chini ya sanduku, sikuwahi kuifungua. Ndani yake mna hati ya nasaba ya Nyota, na baba yake ameandikwa Arko. Nilimwomba mwenye Rex anipigie picha hati ya Rex, akanitumia kwa simu bila kusita, na baba yake Rex ni Arko huyo huyo, mwenye namba ile ile ya usajili. Nimezisoma mara nne.

Bruno naye ana hati, na wazazi wake wote wawili walitoka Nairobi. Sijaona jina hata moja linalofanana. Mwenyewe ana picha ya nyonga zake iliyopigwa alipofikisha miaka miwili. Kipimo cha brusela hajawahi kukifanya, lakini amekubali tugawane gharama nusu kwa nusu. Watoto wake wawili wako Gede. Niliwakuta wanacheza na mtoto wa miaka mitano, nao walibweka nilipogusa lango na kunyamaza mwenyewe alipowaambia.

Mshika Kamba

Basi Rex ni kaka yake kwa baba. Kwa kila jeni, watoto wa namna hiyo huwa na uwezekano wa asilimia 12.5 wa kurithi nakala ile ile ya Arko kwa baba na kwa mama, na kasoro yoyote aliyoificha Arko hupata nafasi ya kukutana na pacha wake. Huenda hata huo woga una asili hapo, ingawa kwa hati peke yake huwezi kuthibitisha. Ufugaji wa mbwa wa aina maalumu hapa pwani ni wa nyumba chache, dume mmoja huzungushwa kwa kila mtu, na baada ya vizazi viwili unakuta mji mzima una babu mmoja.

Sasa nirudi kwa Nyota mwenyewe. Nakubaliana na Msaidizi kuhusu Machi, na nina sababu ya ziada: vilebu huanza kujifunza dunia kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, na mwalimu wao mkuu ni mama. Hutaki mwalimu huyo awe chini ya kitanda kila radi ikipiga. Liache joto la Machi lipite, mpige picha ya nyonga katika muda huo, na ikiwa picha ni mbaya, mfunge uzazi na umwombe mwenye Bruno akutafutie kilebu wa kununua. Ikiwa ni nzuri, lile joto la Septemba litakupa watoto wa mwezi wa Novemba, wakue wakati kaskazi inaanza na ardhi inakauka.

Mama Kuku wa Msabaha

Nimekubali, ingawa majirani wamenuna. Nyota atapelekwa Mombasa wiki ijayo kwa picha, nimeshapata gari linalorudi tupu baada ya kuleta chakula cha kuku. Mwenye Rex alinipigia jana usiku akashusha bei hadi shilingi 8,000. Nilimwambia jike wangu ni dada yake Rex, akaniuliza kama kwa sababu hiyo nataka apunguze zaidi.